Wanafunzi 84, mpira mmoja: kipindi cha michezo ni cha nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Sanaa na Michezo Darasa la Tano katika shule ya msingi wilayani Handeni. Nina wanafunzi 84, mpira mmoja na kamba mbili. Kipindi kikianza, wavulana kama ishirini wanauchukua mpira, wengine wote wanakwenda kukaa chini ya mwembe. Nina mvulana anayetembea kwa magongo mawili, binti mwenye ualbino, na mvulana mwingine asiyesikia. Wasichana wakubwa kila wiki tumbo linawauma. Mwalimu mkuu anachoulizia ni timu ya UMITASHUMTA tu, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa mchezaji, magoti yananisumbua, na nguo yangu ya kazi ni kitenge. Nifanyeje watoto wote washiriki na wafurahie?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Walimu wengi huniandikia kwamba "watoto hawapendi michezo", wakaishia hapo. Wewe umeniletea namba. Basi tuanze na hizo namba, maana humo ndimo ugonjwa ulimo.

Kipindi chako ni dakika 40. Toa kumi za kutoka darasani, kuufuata mpira ofisini na kurudi, zinabaki 30. Tuseme umeamua kuachana na mpira, ukawapanga watoto katika mistari minne ya mbio za kupokezana. Kila mstari una watoto 21. Kila mmoja akikimbia sekunde 15 kwenda na kurudi, mzunguko mmoja unakula dakika tano na sekunde 15, hivyo ndani ya nusu saa mtoto anapata zamu tano. Sekunde 75. Dakika moja na robo ya kukimbia, na dakika 28 na ushei za kusimama juani akisukumana na aliye mbele yake. Halafu tunashangaa kwa nini wanapigana. Sasa wachukue watoto walewale uwapange mistari 14 ya watu sita sita: zamu zinafika ishirini, dakika tano nzima za mbio, na hujaongeza hata kamba. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu wakiwemo, wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka wahema. Kipindi kimoja hakiwezi kuzibeba zote. Ila dakika moja na robo ni aibu, na aibu hiyo si ya watoto.

Kwa hiyo wiki hii usibadilishe chochote. Simama mahali unapoona uwanja wote, na kila baada ya dakika tano hesabu ni wangapi miili yao inafanya kazi. Andika kwenye daftari. Namba hizo utakuja kuzihitaji kwa mwalimu mkuu.

Umeniuliza hasa kuhusu watoto watatu, lakini kwa hesabu yako mwenyewe waliokaa chini ya mwembe ni 64. Mvulana wa magongo hakutengwa peke yake. Ametengwa pamoja na wengine 63 wenye miguu yao miwili. Ndiyo maana sina dawa ya pembeni ya kukupa kwa ajili ya "wale wenye mahitaji". Mchezo ukipanuliwa hadi yeye akapata njia ya kuingia, kwa kawaida anaingia pamoja na yule mnene, yule anayeuogopa mpira, na yule aliyekuja shuleni bila kunywa uji.

Hili nililijifunza kwa kukosea. Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, mbali na huko uliko, nilikuwa na mvulana ambaye mguu wake mmoja ulipooza kwa polio. Nikaona nimpe heshima: nikamkabidhi daftari na kalamu, awe mwandishi wa magoli. Kila mechi alikaa juu ya jiwe pembeni ya uwanja akiandika majina ya wafungaji. Nilijiona mwalimu mwema kweli. Mwisho wa mwaka nikalichukua lile daftari nitengeneze taarifa ya shule, nikakuta katika kila mechi jina lake limo miongoni mwa wafungaji, na mara nyingi magoli mawili. Mwaka mzima, na mimi sikuwahi kulifungua. Tangu hapo mtoto akipewa filimbi au daftari, naweka sharti: ni zamu ya siku moja, na wote wataipitia.

Sasa tuje kwenye kamba yako. Hapa nitakaa kidogo.

Watoto wawili washike kamba usawa wa magoti, wenzao waruke mmoja mmoja. Karibu wote watavuka. Ipandishe. Baadhi wanaikwaa, wanatoka. Ipandishe tena. Wakibaki wanne watano, uwanja mzima unashangilia na mgeni akipita atasema somo limechangamka. Lakini watazame walio nje. Wa kwanza kutoka ni mfupi, mnene, mwoga, mgonjwa. Aliyehitaji kuruka kuliko wote ameruka mara moja akakaa, na yule anayeruka kama swala tangu nyumbani ndiye aliyepata mazoezi.

Sasa mwambie mshika kamba mmoja ashushe upande wake hadi kwenye kifundo cha mguu, na mwenzake aupandishe wake hadi kiunoni. Kamba imekaa mshazari. Waambie watoto, "Kila mtu achague pa kuvukia." Basi, hakuna anayetoka. Muska Mosston, mwalimu wa ualimu wa michezo aliyefanya kazi Marekani, alikuwa akilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960, nami katika miaka yangu yote chuoni sijapata kifaa kingine cha bei ile kinachofanya kazi ile.

Siku ya kwanza wavulana watajazana upande wa juu, kwa majivuno. Waache waikwae. Raundi ya tatu au ya nne utaanza kuona watu wanatawanyika bila kuambiwa: mmoja anateremka hatua mbili, mwingine aliyeanzia chini kabisa anasogea juu kiasi cha kiganja, anavuka, anageuka kutazama kama kuna aliyemwona. Kazi yako ngumu ni kunyamaza. Usimwite mtu "wewe njoo huku chini", wala usimsifu aliye juu kuliko aliye chini. Ukisifu urefu mara moja tu, umeinyoosha kamba.

Yule wa magongo, usimpangie. Muulize, "Nyumbani ukikuta mfereji unavukaje?" Ana ufundi wake tayari. Wengi hutanguliza magongo yote mawili ng'ambo, wakauninginiza mwili na kuupeleka kwa pamoja, na wapo wanaovuka hivyo kwa wepesi wa kukushangaza. Kwake kamba inaweza kuanzia chini kabisa, karibu kulala mchangani, na zamu nyingine akasogea mwenyewe. Kwa usalama: kamba ishikwe kwa ncha za vidole ili mguu ukinasa idondoke, na isifungwe kwenye mti hata kidogo. Ninyi watu wa Tanga katani haiwapigi chenga, lakini katani inachubua ngozi, izungushieni tambara sehemu ya kurukia.

Mshazari huo ukishakukaa kichwani utauona kila mahali. Katika kurusha, chora mistari kwa majivu hatua tatu, tano, nane na kumi na mbili kutoka kwenye shabaha, na shabaha zenyewe ziwe tofauti: beseni, ndoo, kopo. Mtoto achague mstari na achague shabaha. Usiweke pointi nyingi kwa walio mbali, maana utakuwa umeirudisha aibu kwa mlango wa uani. Sheria yangu huwa moja: ukipiga shabaha mara tatu, una haki ya kurudi nyuma mstari mmoja, au ubaki hapo hapo ukitaka.

Kuhusu mpira mmoja, nisikilize vizuri. Mpira mmoja ukigawanywa kwa haki kamili kwa watoto 84 ndani ya nusu saa, kila mtoto anapata sekunde 21, na uwanjani hakuna haki kamili. Unahitaji mipira 42, na yote itatengenezwa na watoto. Zamani tulisokota mifuko ya rambo. Tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 imetubidi turudi kwenye matambara. Soksi iliyokufa, ndani matambara yaliyokandamizwa, nje vipande vya tyubu ya baiskeli au nyuzi za katani zilizosokotwa. Wape kila watoto wawili wiki moja walete mmoja. Mpira wa matambara haudundi sana na hauendi kasi, na watoto wataulalamikia. Mwache alalamike anayeweza. Kwa mtoto asiyeona vizuri, au anayedaka kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika gongo, mpira wa polepole ndio unaomfungulia mlango. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ndizo magoli yako, matairi ya baiskeli ndizo duara zako.

Ukishapata mipira, gawa darasa katika vikundi 14 vya watoto sita, wenye majina, wakae pamoja muhula mzima. Mmarekani Daryl Siedentop aliujengea ualimu mzima wazo hili la timu inayodumu msimu mzima, yenye nahodha, mwamuzi na mtunza vifaa wanaobadilishana. Kwetu faida kubwa ni ndogo tu: hupotezi dakika kumi kila wiki kupanga watu. Vikundi uvipange wewe, mezani, jioni, bila mtoto kukuona. Ule mtindo wa manahodha wawili kusimama mbele na kuchagua mmoja mmoja uufute kabisa. Anayebaki wa mwisho hutazama miguu yake mwenyewe, na utamkuta chini ya mwembe wiki inayofuata.

Vikundi saba vicheze chandimu, watatu kwa watatu, viwanja vidogo saba vya hatua kumi na tano kwa kumi, magoli ya chupa, hakuna kipa. Vikundi saba vingine viwe kwenye vituo: kamba mbili za mshazari, kurusha shabaha, kudaka wawili wawili. Baada ya dakika 12 mnabadilishana. Hapo watoto wote 84 wanacheza na hakuna foleni. Usianze kwa kufundisha pasi kwa mistari kama gwaride. David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilisema hili mwaka 1982: mtoto aanze na mchezo mdogo anaouelewa, akwame, ndipo ufundi ufundishwe, kwa sababu sasa anajua ni wa nini. Simamisha uwanja mmoja, uliza, "Mbona nyote mmeufuata mpira mpo rundo kama kuku wamemwagiwa pumba?" Watakujibu wenyewe.

Uwanja ukielemea upande mmoja, badilisha kitu kimoja. Waingereza wanaofunza walimu wa michezo jumuishi hutaja vinne: nafasi, kazi, vifaa, watu. Finya au panua kiwanja, rahisisha au kaza sheria, badilisha mpira, ongeza au punguza wachezaji upande mmoja. Kwa timu yenye mtoto wa magongo mimi huanza na nafasi, nafinya kiwanja, kwa sababu katika kiwanja kifupi mbio hazina thamani kubwa na akili inaanza kulipa. Sheria niliyoiacha ni ile ya "lazima apasiwe yeye kwanza ndipo mfunge". Nia yake njema, lakini inamgeuza mtoto kituo cha ushuru: kila gari linasimama kwake, linalipa, linaondoka.

Na kabla hujajiuliza kama mtoto wa magongo anaweza mpira wa miguu, waambie darasa habari za Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka ya watu wenye ulemavu, iliyocheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 na kufika robo fainali. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo, kipa ana mkono mmoja, wanakuwa saba kila upande, na kuupiga mpira kwa gongo makusudi ni kosa. Kwako darasani sheria inaweza kulegea: auzuie mpira kwa gongo, ila asilinyanyue juu ya goti la mwenzake. Kagua kipande cha mpira kinachovishwa ncha ya chini ya gongo kila kipindi. Kikiisha, gongo linateleza kwenye udongo mkavu kama kwenye sabuni, na fundi viatu yeyote anaweza kukata kipande cha tairi akakibandika.

Binti mwenye ualbino ana mambo mawili, na watu hukumbuka moja. La kwanza ni jua. Kipindi chako kama kiko kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kiombee kihamie cha kwanza asubuhi. Hili lidai kwa nguvu. Ratiba ni karatasi, ngozi yake haibadilishwi. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hapahapa nchini, ya Kilisun, KCMC Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino; ulizia hospitali ya wilaya au chama chao. Vituo vya kurusha viweke kivulini, na wote wapite hapo, asiwe yeye tu mwenye kivuli. La pili ni macho. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza. Mpira wa rangi ya udongo kwenye udongo mwekundu hauoni kabisa. Mpe mpira uliovishwa kitambaa cheupe au cha njano, asisimame akilitazama jua, na anayemrushia amwite jina kwanza. Mara nyingi mtoto anayesemwa "anaogopa mpira" haogopi chochote, ila mpira humfikia usoni ndipo auone.

Kwa asiyesikia, filimbi yako haipo. Itupe. Tumia kanga nyekundu: ikipanda juu, kila mtu anasimama alipo. Darasa zima lifuate kanga, na baada ya wiki mbili utagundua ni nyepesi kuliko filimbi, kwa sababu ili waione inabidi wakutazame. Onyesha mchezo kwa mwili kuliko kwa maelezo. Ukiongea simama ukiwa umemwelekea, jua likiwa usoni kwako na si mgongoni, vinginevyo anaona kivuli tu cha kinywa chako. Akufundishe ishara tano, uzitumie kwa wote.

Kuna wengine hujawataja, lakini katika watoto 84 huenda wapo. Mwanzo wa muhula waulize wazazi kwa siri kuhusu selimundu, pumu na kifafa. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka yeye bila kuomba ruhusa, asikimbizwe kwa lazima, asiachwe akilowa mvua na kupigwa na baridi. Mwenye pumu, ujue pampu yake ilipo; iwe uwanjani, si kwenye begi darasani. Mwenye kifafa anacheza kama wengine, ila si kupanda juu wala kuingia majini bila mtu wa kumwangalia.

Nije kwa wasichana wenye tumbo. Mwalimu, wewe ni mwanamke na nadhani jibu unalo, unaogopa tu kulisema. Darasa la Tano wapo wa miaka 11, wapo wa 13. Miili imebadilika, sketi inapepea, wavulana ishirini wanatazama. "Tumbo" ni neno la adabu kwa mambo manne au matano tofauti. Kaa nao peke yao siku moja, ukiwa na mama mwingine wa shule, na usiulize kwa nini hawachezi. Uliza kitu gani kikiondolewa wangecheza. Nilichokisikia mara nyingi ni hiki: waruhusiwe kuvaa bukta au taiti ndefu ndani ya sketi, wenye mtandio waubane vizuri usiwadondoke, wasiwekwe kituo kilicho mbele ya wavulana, na wapate sehemu ya kunawa. Walio katika hedhi hawakatazwi kucheza. Apunguze mwendo anayetaka kupunguza, bila kukutolea maelezo mbele ya watu.

Na wape mchezo wao. Rede wanaijua kuliko wewe: wawili wanarusha mpira kutoka ncha mbili, walio katikati wanakwepa, na mmoja anajaza chupa mchanga huku akiinama na kuruka. Sijui mwalimu gani wa chuo angebuni zoezi bora zaidi la wepesi, shabaha na ujasiri kwa pamoja. Ina kasoro moja, aliyepigwa anatoka. Irekebishe: aliyepigwa aende kuruka kamba mara kumi, arudi. Baada ya wiki chache wavulana watakuja kuomba kuingia. Waingie, kwa sheria za wasichana na nahodha akiwa msichana. Nimewahi kuona mfungaji bora wa shule akipigwa rede mara tatu ndani ya dakika moja na binti ambaye hakuwahi kutajwa uwanjani. Kicheko cha siku hiyo sikihadithii, kilitakiwa kuonwa.

Dawa hiyohiyo tumia kwa kila mchezo wa kutoana. Mwaka 1992 Neil Williams, Mmarekani, aliwachekesha na kuwaudhi walimu wenzake kwa kuorodhesha michezo ya shule inayostahili kuzikwa: ile ambayo mtoto anakaa zaidi kuliko anavyocheza, au inayomweka mmoja peke yake mbele ya macho ya wote. Sina haraka ya kuzika kama yeye. Ule wetu wa "nyama, nyama, nyama" ni mtamu mno kuzikwa. Lakini badala ya aliyekosea kukaa, unda duara mbili. Aliyekosea huku anahamia kule akiimba, na anaendelea.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: kuruka kichura, kuzunguka uwanja mara tano, pushapu. Kama shuleni kwenu hizo ni adhabu, zitazame upya. Huwezi Jumatatu kumwadhibu mtoto kwa kukimbia na Jumatano ukamwambia akimbie afurahi.

Mwalimu mkuu, sasa. Usiende kumwambia kwamba UMITASHUMTA haina maana. Hutashinda, na wala si kweli. Mwambie timu na kipindi ni vitu viwili. Timu ifanye mazoezi jioni baada ya masomo, na mtoto mwenye kipaji apewe muda wake wote. Kipindi kilichomo kwenye ratiba ni cha watoto 84, kama Hisabati ilivyo ya watoto 84, na hakuna mwalimu wa Hisabati anayefundisha ishirini wakali akawaacha wengine chini ya mwembe. Hapo ndipo unapotoa daftari lako: wiki ya kwanza wanaohema walikuwa kadhaa, wiki ya sita ni kadhaa. Mkumbushe pia taratibu kwamba nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja wazi watoto kushiriki michezo shuleni sawa na wenzao. Usianze na hilo. Liweke mwisho, kwa upole, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa tayari ameshika mlango. Na timu yenyewe itanufaika: kati ya wale 64 wapo ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakikimbia.

Kwenye kupima maendeleo usiwashindanishe. Kila kikundi kiwe na karatasi moja: wiki ya kwanza ulirusha kutoka mstari upi, wiki ya nane upi. Aliyetoka hatua tatu akafika tano amefanya kazi kuliko aliyeanzia kumi na mbili akabaki hapo.

Usijaribu yote haya kwa mkupuo. Wiki hii hesabu tu. Inayofuata kamba ya mshazari na mistari mifupi. Mipira ya matambara wakati huo inaendelea kushonwa nyumbani. Chandimu ya viwanja saba iache hadi mwezi wa pili, kanga nyekundu ikishazoeleka. Ukianza nayo utapata vurugu na utanilaani.

Limebaki lile la magoti na kitenge. Hupaswi kuwa mchezaji. Mimi mwenyewe sikuwahi kuchezea hata timu ya tarafa. Ila tafuta raba, na siku ya kamba vaa suruali ndani ya kitenge, ukipandishe kidogo, uingie kwenye foleni kama wao. Zamu yako ikifika, nenda upande wa kifundo cha mguu, kamba inapokaribia kugusa ardhi, uvuke polepole huku wote wanakuona. Mimi nina miaka 63, na hapo ndipo ninapovukia.